Jitambue Kabla ya Kumlipa Kocha wa Biashara

Mjasiriamali mdogo ni muuzaji na mlaji kwa wakati mmoja. Anauza chakula, nyanya, mitumba au huduma ya ufundi. Lakini yeye mwenyewe hununua unga, mkaa, vifaa, vifurushi vya simu na, katika miaka ya karibuni, hununua ushauri. Anaalikwa kwenye semina za ujasiriamali, anaunganishwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kujengana kifikra, na anashauriwa kumlipa kocha atakayemsaidia kujitambua na kukuza biashara yake. Somo hili linahusu ununuzi huo.

Tumeliweka somo letu Mjimwema, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, kwa sababu biashara ndogo za mahali hapa zinaonyesha vizuri thamani ya shilingi moja. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha mahindi, na mfuko wa mteja hufuata shamba. Baada ya mavuno fedha huzunguka. Wakati wa kifuku, wakulima wanapokuwa wamekwisha kutumbukiza akiba zao kwenye mbegu na mbolea, mzunguko hupungua na madeni huongezeka. Mfanyabiashara anayetoa mtaji wake kulipia mafunzo katika kipindi hicho anatoa kitu ambacho hakirudi upesi. Kwa hiyo anastahili kujua anachonunua.

Mwisho wa somo hili, msomaji ataweza:

1. kutofautisha aina za huduma zinazouzwa kwa jina la ukocha;
2. kujipima mwenyewe kwa siku 14 kabla ya kulipa;
3. kukokotoa bei ya mafunzo kwa siku zake za kazi;
4. kutambua ahadi zenye hila na kuuliza maswali yanayofaa;
5. kufahamu haki zake na mahali pa kupeleka malalamiko.

Ni huduma gani hasa inayouzwa?

Neno "kocha" lilitoka uwanjani. Kocha wa mpira hachezi badala ya mchezaji. Humtazama akicheza, humwonyesha kosa ambalo mwenyewe hakuliona, kisha humrudisha mazoezini. Kocha wa biashara anayestahili jina hilo hufanya kazi ya namna hiyo. Humuuliza mteja maswali, humsaidia kuchagua lengo, na hurudi baada ya muda kuangalia kama lililoamuliwa limetekelezwa.

Hata hivyo, jina hilo hutumiwa pia na watu wanaotoa huduma nyingine. Mhamasishaji huzungumza mbele ya umati ili kuamsha ari. Mkufunzi hufundisha stadi maalumu, kama vile utunzaji wa hesabu au upangaji wa bei. Mshauri wa biashara hukagua tatizo na kupendekeza la kufanya. Mlezi wa biashara ni mzoefu wa kazi ileile anayekubali kumwongoza anayeanza. Huduma zote hizi zina nafasi yake, ila haziko sawa kwa bei wala kwa matokeo. Anayelipia kocha akapata mhotuba wa saa mbili hakupata alicholipia, hata kama hotuba yenyewe ilimfurahisha.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba kazi ya ukocha haina bodi ya taaluma kama ilivyo kwa wahasibu, ambao husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Cheti kinachoning'inia ukutani kinaweza kuwa kimetolewa na taasisi makini au na mtu aliyekichapisha mwenyewe. Iwapo mtoa mafunzo anadai kuwa chuo chake kinatambuliwa na Serikali kutoa mafunzo ya ufundi stadi, dai hilo linaweza kuhakikiwa kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Je, mafunzo ya kujitambua yana faida?

Jibu la haki ni kwamba yanaweza kuwa nayo, na tusingependa msomaji aondoke akidhani kila kocha ni tapeli. Mwaka 2017 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti uliofanyika Lomé, mji mkuu wa Togo, kwa wajasiriamali wadogo 1,500. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara. Kundi la pili lilipewa mafunzo yaliyotokana na saikolojia, ya kumjenga mtu awe na tabia ya kuanzisha jambo bila kusukumwa, kutazama mbele na kutokata tamaa anapokwama. Kundi la tatu halikufundishwa, ili liwe kipimo. Katika muda wa zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na kundi lisilofundishwa. Kundi la masomo ya kawaida lilipata ongezeko la asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitenganisha na bahati tu.

Tuangalie namna mafunzo hayo yalivyotolewa, maana hapo ndipo penye fundisho kwa mlaji. Yalichukua saa 36 za darasani, zilizogawanywa katika wiki nne ili mtu aweze kuendelea na biashara yake. Kisha mkufunzi alimfuata kila mjasiriamali mahali pake pa kazi, mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Faida ilipimwa kwa hesabu, na wapimaji hawakuridhika na tabasamu za siku ya kufunga mafunzo.

Hapa nyumbani, utafiti mwingine ulifanyika Dar es Salaam miongoni mwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Mafunzo ya biashara yaliwasaidia wanaume kwa kiasi kinachoonekana, lakini kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Watafiti walielekeza kidole kwenye vikwazo ambavyo darasa peke yake haliviondoi, yakiwamo majukumu ya nyumbani.

Kutokana na tafiti hizi mbili tunapata jambo la msingi. Mafunzo yaleyale hayamfai kila mtu kwa kiasi kilekile. Anayeanza kwa kujua hali yake, yaani muda wake, madeni yake, wategemezi wake na tabia yake, ndiye anayeweza kuchagua mafunzo yanayomfaa.

Kujitambua ni nini?

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilieleza wazo linalokaribiana na hilo kwa mchoro wa dirisha lenye vioo vinne. Dirisha hilo huitwa Johari. Jina lenyewe halikutokana na neno letu johari, kito cha thamani; walichanganya tu majina yao ya kwanza, Joe na Harry. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili, jina limeangukia mahali pake.

Kioo cha kwanza kinaonyesha mambo ambayo mimi nayajua kunihusu na wengine wanayajua pia. Cha pili ni yale ninayoyajua peke yangu na kuyaficha. Cha tatu ni yale ambayo wengine wanayaona kwangu ila mimi siyaoni. Cha nne ni yale ambayo hakuna anayeyajua bado.

Mjasiriamali anaweza kufanya kazi kubwa kwenye vioo hivi bila kulipa chochote. Kioo cha pili anakifungua kwa daftari: anaandika deni analolificha, matumizi anayoyaonea haya, hofu anayoifunika kwa maneno mengi. Kioo cha tatu anakifungua kwa kuwauliza watu wawili au watatu wanaomtakia mema na wanaoiona biashara yake: mwenza wake, mwanakikundi mwenzake, mteja wa siku nyingi. Kocha anahitajika pale ambapo watu hao hawatoshi, au pale ambapo mtu ameshaliona kosa lake lakini anashindwa kulirekebisha peke yake.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya somo, na viwango vyake ni vya kufundishia.

Mama lishe mmoja wa Mjimwema anafanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa wastani hupokea shilingi 40,000 taslimu kwa siku, zikiwamo za madeni yanayolipwa. Mchele, unga, maharage, dagaa, mboga na mafuta humgharimu 27,000. Mkaa, maji na posho ya msaidizi ni 6,000. Hubaki na 7,000. Kati ya hizo, 5,000 huenda nyumbani na 2,000 huwekwa akiba.

Anapata mwaliko wa semina ya siku mbili inayoahidi "kuvunja minyororo ya umaskini wa fikra". Ada ni shilingi 150,000. Tangazo linasema uwekezaji huo ni mdogo sana ukilinganisha na ndoto zake.

Tuipime ada hiyo kwa kipimo chake mwenyewe. Kwa akiba ya 2,000 kwa siku, ada peke yake ni siku 75 za kazi. Semina inamtaka afunge biashara siku mbili, hivyo anapoteza 7,000 mara mbili, yaani 14,000. Gharama kamili inakuwa 164,000, sawa na siku 82 za kazi, au karibu wiki 14. Hapo hatujahesabu nauli wala wateja watakaohamia kwa jirani. Kama fedha hiyo ataikopa kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, idadi ya siku itaongezeka zaidi.

Mama huyu hakukataa mwaliko papo hapo. Aliomba wiki mbili za kufikiri na katika wiki hizo aliandika kila kitu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lilimpa habari ambayo hakuitarajia. Katika siku 12 za kazi alikuwa ametoa chakula cha mkopo chenye thamani ya 48,000. Zilizolipwa zilikuwa 30,000. Zilizobaki 18,000 hazikurudi. Kwa wastani alikuwa akipoteza 1,500 kila siku, ambayo ni robo tatu ya kile anachokiweka akiba.

Alipomuuliza msaidizi wake, akajibiwa kwa upole: "Mama, wewe huwezi kumkatalia mtu unayemfahamu." Hicho ndicho kioo cha tatu. Msaidizi alikijua siku zote. Wateja wadaiwa nao walikijua. Mwenye biashara peke yake ndiye aliyekuwa hakioni.

Sasa anaweza kuuliza swali sahihi. Je, semina ya kuvunja minyororo ya fikra itamsaidia kusema hapana kwa dereva wa bodaboda aliyezoea kula na kuahidi kesho? Huenda anachohitaji ni sentensi moja aliyoifanyia mazoezi hadi itoke bila ukali: "Mwanangu, tumalize kwanza la jana, kisha nikupakulie la leo." Huenda pia anahitaji mtu wa kukaa naye kibandani mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja hadi tabia ibadilike. Mtu huyo anaweza kuwa kocha wa kulipwa, na anaweza kuwa mwanakikundi mwenzake wa VICOBA. Hata akiokoa nusu tu ya madeni yasiyolipwa, akiba yake itapanda kutoka 2,000 hadi 2,750 kwa siku, bila kukopa na bila kufunga biashara.

Zoezi la siku 14

Tunamshauri kila msomaji afanye zoezi hili kabla ya kulipia mafunzo ya aina yoyote. Linahitaji daftari la kawaida na kalamu.

Siku ya 1 hadi ya 7: andika kila shilingi inayoingia na kutoka, pamoja na mikopo unayotoa na unayopokea. Usirekebishe chochote, lengo ni kuona hali ilivyo.

Siku ya 8 hadi ya 10: endelea kuandika fedha, na uongeze muda. Uliamka saa ngapi? Saa ngapi zilikwenda kwenye biashara, ngapi kwa watoto na wagonjwa, ngapi kwenye simu? Ni saa gani ya siku unafanya maamuzi mabaya kwa sababu ya uchovu?

Siku ya 11 na ya 12: waulize watu watatu swali moja kila mmoja: "Ni jambo gani ninalolifanya ambalo linaiumiza biashara yangu?" Sikiliza bila kujitetea, kisha andika majibu kama yalivyosemwa.

Siku ya 13: andika unachokitaka kwa maneno yanayoweza kupimwa. "Nataka kufanikiwa" haipimiki. "Nataka kufikia mavuno yajayo nikiwa na mtaji wangu mwenyewe wa gunia mbili za mchele" inapimika.

Siku ya 14: soma yote, kisha kamilisha sentensi hii: "Tatizo ninalotaka kusaidiwa ni ..." Ikiwa sentensi hiyo haijakamilika, bado hujafika wakati wa kumlipa mtu.

Ahadi isiyoweza kushindwa

Bidhaa mbovu hujulikana. Mwavuli unaovuja hurudishwa dukani. Mafunzo ya kujitambua yana hatari ya pekee: muuzaji anaweza kuyapanga hivi kwamba yasionekane kamwe kuwa yameshindwa. Mteja akifanikiwa, sifa ni za kocha. Asipofanikiwa, huambiwa kwamba hakuamini vya kutosha, kwamba bado ana fikra za kimaskini, au kwamba anahitaji kupanda ngazi inayofuata, yenye ada kubwa zaidi. Kwa namna hiyo, juhudi ya mtu ya kujifahamu hugeuzwa kuwa kamba ya kumfungia.

Tofauti ya kweli iko hapa. Kujitambua kunakofaa humpa mtu jibu analoweza kulihakiki katika daftari lake, bila kumtegemea aliyempa jibu hilo. Kukiuzwa kujitambua kusikohakikika, mlaji ana haki ya kushuku.

Dalili nyingine za kujihadhari nazo ni hizi:

1. Kutajiwa kipato maalumu utakachopata ndani ya muda maalumu.
2. Kuharakishwa: "zimebaki nafasi tano", "bei inapanda usiku wa leo".
3. Shuhuda za watu wasiofikika, au picha za magari na nyumba badala ya hesabu.
4. Kikao cha kwanza cha bure kinachofuatwa na ngazi nyingi ambazo bei zake hazikutajwa mwanzoni.
5. Kushawishiwa kuwatenga ndugu au marafiki wanaouliza maswali.
6. Kuahidiwa malipo kwa kuleta watu wengine.

Dalili ya sita ni nzito kuliko zote. Taifa letu lina kumbukumbu ya DECI, iliyokuwa na neno ujasiriamali katika jina lake. Wanachama waliambiwa wapande mbegu ya fedha na kusubiri mavuno, kumbe waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa michango ya waliofuata. Serikali ilisimamisha shughuli hizo mwaka 2009, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani na Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai. Ukocha unaogeuka kuwa kazi ya kutafuta wanachama wapya umeacha kuwa ukocha.

Maswali ya kumuuliza kocha

Mtoa huduma mwaminifu hatachukizwa na maswali. Muulize: Umewahi kufanya biashara ya aina yangu, au kumsaidia mtu anayeifanya? Naweza kuzungumza na wateja wako wawili niliowachagua mwenyewe? Tutakutana mara ngapi, wapi, na kwa saa ngapi? Tutatumia kipimo gani kujua kwamba nimesonga mbele? Nikiona hainisaidii baada ya kikao cha kwanza, fedha yangu itarudishwa kwa utaratibu gani?

Msikilize pia anavyokuuliza wewe. Kocha mzuri huanza kwa kutaka kujua unauza nini, kwa nani, na unabakiwa na kiasi gani. Anayeanza kwa kukueleza utajiri wake na kumaliza kwa kukutajia namba ya kulipia hajaanza kukufundisha.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha, mradi itaje jina halisi la mtoa huduma na anwani yake, huduma yenyewe, idadi ya vikao, bei yote bila nyongeza iliyofichwa, tarehe za malipo, na masharti ya kurudisha fedha. Lipa kwa awamu kadiri huduma inavyotolewa. Dai risiti na uhifadhi ujumbe wa muamala wa simu. Hifadhi pia tangazo lililokuvutia, kwa maana tangazo ni ushahidi wa kilichoahidiwa.

Jambo la mwisho ni siri zako. Katika vikao vya kujitambua mtu husema mambo ya ndoa, madeni na maradhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za namna hiyo zikusanywe na kutumiwa kihalali. Picha yako ikilia katika semina, au simulizi la kufilisika kwako, visirushwe kwenye mitandao kuwa tangazo bila ridhaa yako. Andikeni hilo pia. Kumbuka vilevile kwamba kocha si daktari. Anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, anayelia bila sababu au anayefikiria kujidhuru aende kituo cha afya, kama kile cha Mjimwema, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea.

Haki zako na mahali pa kwenda

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Inakataza pia kupokea malipo bila nia ya kutoa huduma, na inataka huduma anayouziwa mlaji itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Mafunzo ni huduma kama huduma nyingine. Ukumbi ukiwa mzuri na mzungumzaji akiwa na jina kubwa, wajibu huo haupungui.

Ukiona umehadaiwa, anza kwa kumwandikia mtoa huduma, ukitaja ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na nakala za makubaliano, risiti na matangazo. Afisa biashara wa Manispaa anaweza kukuelekeza. Pale ambapo kuna utapeli wa wazi au upatu, toa taarifa polisi bila kuchelewa. Aibu ya kudanganywa ni ya mdanganyaji, na ukimya wako humpa mtaji wa kumdanganya jirani yako.

Kabla ya kufika huko, tumia huduma zilizo karibu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mkoani Ruvuma na hutoa mafunzo na ushauri kwa wajasiriamali. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hupokea vikundi vinavyotaka mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize pia kuhusu elimu ya biashara inayotolewa kwa vikundi hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Mafunzo unayotaka kuyalipia ni sawa na siku ngapi za akiba yako?
2. Nani anayeiona biashara yako kila siku, na lini ulimuuliza maoni yake kwa mara ya mwisho?
3. Tatizo unalotaka kusaidiwa ni lipi, kwa sentensi moja?
4. Utajuaje, kwa daftari lako mwenyewe, kwamba kocha amekusaidia?

Ndugu mlaji, ukiyajibu maswali haya manne na bado ukaona unahitaji kocha, mtafute na umlipe kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa utakuwa unajua unachonunua. Na kama majibu yatakuonyesha kwamba dawa yako ilikuwa ndani ya daftari, utakuwa umeuokoa mtaji wako, nao utakuwepo siku utakapouhitaji.